Maradhi ya Moyo na Mtindo wa Maisha: Karibu Karne Moja ya Uchunguzi Afrika Mashariki

Maradhi ya mishipa ya moyo huanza polepole. Mafuta, kolesteroli na chembe nyingine hujikusanya katika kuta za mishipa inayoulisha moyo, njia ya damu ikazidi kuwa nyembamba, na siku moja donge la damu likaiziba kabisa. Msuli wa moyo uliokatiwa damu hukosa oksijeni na kufa. Huo ndio mshtuko wa moyo. Mshipa ukizibwa ubongoni, mtu hupata kiharusi. Magonjwa ya moyo na mishipa ya damu ndiyo yanayoua watu wengi zaidi duniani leo.

Ushauri wa kuyakwepa unajulikana hata na watoto wa shule: kuacha tumbaku, kupunguza chumvi, mafuta na sukari, kula mboga, matunda na nafaka zisizokobolewa, kuushughulisha mwili, kutunza uzito na kujihadhari na pombe. Kisichojulikana sana ni kwamba sehemu ya ushahidi ulioujenga ushauri huo ilitoka vijijini, malishoni na hospitalini mwa Kenya, Uganda na Tanzania. Tangu miaka ya 1920, madaktari waliofanya kazi katika nchi hizi walikutana na jambo lililowashangaza: watu waliofikia uzee bila presha kupanda, na wodi zilizojaa wagonjwa wa kila aina, isipokuwa wa mshtuko wa moyo.

Vipimo vya Kavirondo Kusini

Rekodi ya mwanzo inayojulikana sana ni ya daktari wa serikali ya kikoloni, C. P. Donnison, aliyefanya kazi katika wilaya ya Kavirondo Kusini, eneo ambalo leo lina Kisii na majirani zake wa upande wa Ziwa Viktoria. Mwaka 1929, katika jarida la The Lancet, alichapisha vipimo vya presha vya wanaume 1,000 wa eneo hilo. Kwa vijana, tarakimu zilifanana na za Wazungu. Tofauti ilijitokeza baada ya umri wa miaka 40. Presha ya Mzungu iliendelea kupanda kadiri alivyozeeka, lakini ya mwanakijiji wa Kavirondo ilitulia, kisha ikaanza kushuka. Katika muda wa miaka 2, hospitali yake ilikuwa imelaza wagonjwa wapatao 1,800, na hakuna hata mmoja aliyekutwa na ugonjwa wa presha.

Donnison alikuwa na maelezo yake. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1937 alidai kwamba chanzo ni misukosuko ya akili inayoletwa na maisha ya kisasa. Dai hilo liliegemea mawazo ya wakoloni wa wakati ule, waliomwona Mwafrika kama mtu asiye na mawazo mengi, ingawa wanaume aliowapima walikuwa wakiishi chini ya kodi ya kichwa na kazi za kulazimishwa. Vipimo vyake vilikuwa na thamani kuliko nadharia yake. Vilionyesha kwamba presha kupanda na umri si sheria ya mwili wa binadamu.

Jambo ambalo halikupimwa wakati huo lilikuwa chunguni. Watu wa magharibi mwa Kenya waliishi kwa mtama, wimbi, mahindi, samaki, maziwa na mboga za majani. Chumvi ya dukani ilikuwa adimu na ya bei. Akina mama wengi walitumia munyu, yaani chumvi ya majivu: maganda ya maharage yaliyokauka huchomwa, majivu huwekwa katika chombo chenye matundu chini, maji humiminwa juu yake, na yale yanayochuruzika, rangi ya chai hafifu, huhifadhiwa na kutiwa kidogo kidogo kwenye mboga ili zilainike na kupata ladha. Majivu ya mimea yana potasiamu nyingi, ilhali chumvi ya dukani ni sodiamu. Miaka 60 baadaye, uwiano wa madini hayo mawili ungekuwa kiini cha uchunguzi mwingine uliofanywa kwa watu wa kando ya ziwa hilohilo.

Mulago na Makerere

Kitovu cha uchunguzi kilihamia Kampala. Hospitali ya Mulago na Chuo cha Makerere vilikuwa na madaktari waliozoea kuandika kila walichokiona, miongoni mwao Hugh Trowell, aliyefika Kenya mwaka 1929 na kuhamia Uganda katika miaka ya 1930. Moyo wa Mwafrika haukuwa na kinga dhidi ya kila ugonjwa. Homa ya baridi yabisi iliharibu vali za moyo za watoto wengi, na J. N. P. Davies wa Makerere ndiye aliyeueleza katika miaka ya 1940 ugonjwa wa kukakamaa kwa utando wa ndani wa moyo. Kilichokosekana ni ule ugonjwa wa mishipa kuziba.

Mwaka 1956, Trowell na mwenzake Singh waliandika katika jarida la kitabibu la Afrika Mashariki juu ya Mwafrika mmoja aliyepatwa na ugonjwa huo. Kisa kimoja kilitosha kuchapishwa kwa jinsi kilivyokuwa nadra. Mgonjwa alikuwa jaji, mtu mnene, ambaye kwa miaka mingi alikula kwa namna ya Kizungu. Hali ya hewa aliyoishi ilikuwa ile ile ya wagonjwa wengine wa Mulago; maisha yake ndiyo yaliyokuwa tofauti.

Wapo waliopinga kwa kusema kwamba Waafrika hawakupata ugonjwa huo kwa sababu walikufa mapema kabla ya kuufikia. Hoja hiyo ilijibiwa kwa uchunguzi wa maiti. Mwaka 1960, Davies na wenzake wa Marekani walilinganisha maiti 632 za Uganda na maiti 632 za jiji la St. Louis, zilizooanishwa kwa umri na jinsia. Za St. Louis, 136 zilikuwa na kovu au dalili nyingine ya mshtuko wa moyo. Za Uganda, ilikuwa moja tu.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, A. G. Shaper na K. W. Jones walikuwa wamechapisha ulinganisho mwingine kutoka Kampala yenyewe. Waafrika na Waasia waliishi katika mji mmoja, chini ya jua moja, lakini jikoni zao zilikuwa mbili. Mwafrika wa kawaida alikula matoke, viazi vitamu, maharage na mboga, na mafuta kidogo sana. Waasia wengi, hasa wenye biashara, walitumia samli na mafuta ya kupikia kwa wingi, na kazi zao zilikuwa za kukaa. Kolesteroli katika damu ya wanaume wa Kiasia ilikuwa juu zaidi kwa kiasi kikubwa, na miongoni mwao mshtuko wa moyo ulikuwa jambo la kawaida. Shaper aliporudi Uingereza alianzisha mwaka 1975 uchunguzi wa wanaume 7,735 katika miji 24, na kwa miongo kadhaa Waingereza wamejifunza hatari za moyo kwa mbinu alizozinoa Makerere.

Wafugaji waliotatiza nadharia

Kama mafuta na kolesteroli ndivyo vyanzo, wafugaji walipaswa kuwa wagonjwa. Msamburu na Mmaasai walikunywa maziwa mengi yenye mafuta, na wakala nyama na damu kwa nyakati zake. Shaper aliwapima Wasamburu wa kaskazini mwa Kenya na kuchapisha matokeo mwaka 1962. George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt alifanya vivyo hivyo kwa Wamaasai wa Tanganyika, na mwaka 1964 akatoa taarifa ya wanaume 400. Kolesteroli yao ilikuwa ya chini, presha yao ilikuwa nzuri, na dalili za ugonjwa wa mishipa ya moyo zilikuwa karibu hazipo.

Maelezo yalikuja kwa vipande. Mwaka 1971, watafiti wengine walionyesha kwamba mwili wa Mmaasai anapokula kolesteroli nyingi hupunguza ile unayoitengeneza wenyewe, hasa kwenye ini. Mann mwenyewe alivutiwa na miguu kuliko ini. Aliwapima Wamaasai kwenye mkanda wa kukimbilia na kuwakuta na pumzi na nguvu zilizopita za Wamarekani wa rika lao. Mchungaji hutembea na ng'ombe kutwa, tangu utotoni hadi uzeeni. Mwaka 1972 alichapisha uchunguzi wa mioyo na mishipa kutoka maiti 50 za Wamaasai. Kuta za mishipa hazikuwa safi, kwani mafuta yalikuwamo. Lakini mishipa ilikuwa imepanuka kadiri umri ulivyosogea, hivyo njia ya damu ilibaki wazi. Mann aliamini kwamba ni kutembea kulikoipanua.

Mawazo hayo yalikutana na ushahidi kutoka London. Mwaka 1953, Jerry Morris alikuwa amelinganisha madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa ya jiji hilo. Dereva alikaa kwenye kiti zamu nzima; kondakta alipanda mamia ya vidato kila siku akikata tiketi. Makondakta walipata mshtuko wa moyo kwa uchache zaidi, na walioupata walikufa kwa uchache zaidi. Kondakta wa London na mchungaji wa Kimaasai hawakushabihiana kwa chakula wala mavazi, ila wote wawili walijipatia riziki kwa miguu.

Wasamburu nao walitoa somo lao la pili. Vijana wao walioajiriwa katika jeshi la Kenya walianza kula mgao wa kambi, wenye chumvi nyingi kuliko walivyozoea. Shaper na wenzake waliripoti mwaka 1969 kwamba presha ya askari hao ilipanda kadiri walivyokaa jeshini, jambo ambalo halikuonekana kwa wenzao waliobaki na mifugo. Damu ya ukoo haikuwa imebadilika. Chakula na maisha ndivyo vilivyobadilika.

Makapi yaliyorudishiwa heshima

Denis Burkitt alifika Uganda mwaka 1946 akiwa daktari wa upasuaji, na jina lake limebaki katika saratani ya watoto aliyoieleza mwaka 1958. Aliporudi Uingereza katika miaka ya 1960 aligeukia swali jingine: kwa nini magonjwa yaliyokuwa ya kawaida Uingereza yalikuwa nadra Mulago? Akianzia na chakula, aliwaomba watu wameze vidonge vidogo vinavyoonekana kwenye eksirei, kisha akahesabu saa hadi vitoke. Kwa wanakijiji wa Uganda, chakula kilisafiri tumboni kwa karibu siku moja na nusu. Kwa mabaharia wa jeshi la Uingereza, ilichukua zaidi ya siku 3. Sababu ilikuwa nyuzinyuzi, ile sehemu ya mimea isiyomeng'enywa, ambayo viwanda vya Ulaya vilikuwa vikiiondoa ili unga uwe mweupe.

Trowell, ambaye sasa alikuwa kasisi, aliungana na Burkitt. Mwaka 1972 aliandika kwamba upungufu wa nyuzinyuzi unahusika pia na ugonjwa wa mishipa ya moyo, na mwaka 1975 wawili hao walihariri kitabu juu ya vyakula vilivyokobolewa na maradhi yanayofuatana navyo. Uchunguzi uliofuata katika nchi nyingi umethibitisha kwamba wanaokula nafaka zisizokobolewa hupata ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko wanaokula zilizokobolewa, na kwamba nyuzinyuzi za maharage na shayiri husaidia kushusha kolesteroli. Wakati elimu hiyo ikienea Ulaya, jikoni nyingi za Afrika Mashariki zilikuwa zikielekea upande mwingine. Sembe, unga wa mahindi yaliyokobolewa, ilikuwa imekuwa unga wa mgeni na wa sikukuu, na dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa, ikaachiwa jela, shule za bweni na watu wasio na uwezo.

Chumvi na safari ya mjini

Uchunguzi ulioeleza vizuri zaidi jinsi presha inavyoanza ulifanywa kwa Waluo wa Kenya na kuchapishwa mwaka 1990 na N. R. Poulter na wenzake. Badala ya kulinganisha wazee wa kijijini na wazee wa mjini, watafiti waliwafuata watu wakiwa wanahama. Waliandikisha zaidi ya watu 300 waliotoka vijiji vya kando ya Ziwa Viktoria kwenda Nairobi, na kuwapima kwa vipindi, sambamba na wenzao waliobaki nyumbani. Presha ya wahamiaji ilianza kupanda ndani ya miezi ya mwanzo tu. Mkojo wao ulionyesha sodiamu nyingi zaidi na potasiamu kidogo, uzito ulikuwa mkubwa kuliko wa wenzao, na moyo ulipiga kwa kasi zaidi.

Miaka miwili kabla, uchunguzi mkubwa uitwao INTERSALT ulikuwa umechapisha vipimo vya watu 10,079 kutoka vituo 52 katika nchi 32. Vituo vinne vilikuwa vya watu wanaotumia chumvi kidogo sana: viwili vya wenyeji wa misitu ya Brazili, kimoja cha Papua New Guinea na kimoja cha mashambani Kenya. Kwa vituo hivyo vinne presha ilikuwa ya chini na haikupanda sana na umri, kama Donnison alivyoandika mwaka 1929. Leo Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, ikijumuishwa iliyomo ndani ya mkate, mchuzi wa viungo vya pakiti na chipsi.

Wahadzabe wa Ziwa Eyasi

Ushahidi wa karibuni umetoka Tanzania. Wahadzabe wanaoishi kando ya Ziwa Eyasi ni miongoni mwa watu wachache duniani ambao wengine wao bado wanaishi kwa kuwinda, kurina asali, kuchimba mizizi na kuokota matunda na ubuyu. Mwaka 2017, David Raichlen na wenzake walitoa taarifa ya vipimo vilivyochukuliwa kwa vifaa vya kufungwa mwilini vinavyorekodi mapigo ya moyo. Mhadzabe alikuwa na wastani wa dakika 135 za kazi ya wastani au ya nguvu kila siku, na kazi hiyo haikupungua kwa wazee. Dalili za hatari ya moyo, yaani presha ya juu na mafuta mabaya katika damu, zilikuwa chache mno.

Kiwango kinachopendekezwa kwa watu wazima duniani ni angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki nzima. Mhadzabe huzimaliza kwa siku moja na kidogo ya pili, bila kwenda kiwanja cha mazoezi. Mama anayechimba viazi mwitu kwenye udongo mgumu kwa kijiti kilichochongoka, mtoto mgongoni, anafanya kazi ambayo daktari wa mjini angeiandika kama dawa.

Kinga inayopotea

Mwaka 1980, Trowell alichapisha mapitio ya miaka 50 ya rekodi za Kenya na Uganda. Hitimisho lake lilikuwa kwamba nchi ambazo mwaka 1928 hazikuwa na presha ya juu sasa zilikuwa nayo kama ugonjwa wa kila siku. Tanzania ilifuata njia hiyo hiyo. Uchunguzi wa mwaka 1996 na 1997 katika Ilala, Dar es Salaam, na kijiji cha Shari, Kilimanjaro, ulikuta presha ya juu kwa karibu watu wazima 3 kati ya kila 10, mjini na kijijini vilevile. Wengi wao hawakujua kuwa wanaumwa, na waliokuwa wakitumia dawa kwa mafanikio walikuwa wachache sana. Uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka 2010, uliwafuata watu waliohama Morogoro vijijini kwenda Dar es Salaam: ndani ya mwaka mmoja wake kwa waume waliongezeka zaidi ya kilo 2 kwa wastani, na kazi za nguvu zilipungua sana.

Sababu zinaonekana kwa macho. Jembe limepisha kiti cha ofisini na cha pikipiki. Mafuta ya kupikia yamekuwa rahisi, na soda inauzwa hata palipokosekana maji safi. Sigara inauzwa kwa kipande kimoja kimoja. Kitambi, kwa familia nyingi, bado kinasifiwa kama ushahidi wa maisha mazuri. Mwaka 2015 Tanzania ilifungua Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, ambayo imewapunguzia wagonjwa wengi safari za kwenda India kwa upasuaji. Kuhitajika kwake kunaeleza jinsi mambo yalivyobadilika tangu kile kisa kimoja cha mwaka 1956.

Upande wa pili, historia hii inaonyesha pia kwamba mwenendo unaweza kugeuzwa. Mwaka 1987, serikali ya Mauritius ilibadili mafuta ya kupikia ya bei nafuu, kutoka mawese kwenda soya, na ndani ya miaka 5 wastani wa kolesteroli ya watu wake ulishuka. Kenya ilipitisha sheria ya kudhibiti tumbaku mwaka 2007 na Uganda mwaka 2015. Kigali hufunga baadhi ya barabara kwa magari siku maalumu za Jumapili ili watu watembee na kukimbia. Ulinganisho wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2018 uliiweka Uganda mbele ya nchi zote zilizopimwa kwa shughuli za mwili: ni watu 5 au 6 tu kati ya 100 walioonekana hawajishughulishi vya kutosha.

Uchunguzi wa INTERHEART wa mwaka 2004, uliohusisha nchi 52, ulikadiria kwamba mambo 9 yanayoweza kurekebishwa ndiyo yanayobeba takriban asilimia 90 ya hatari ya kupata mshtuko wa moyo kwa mara ya kwanza: tumbaku, mafuta mabaya ya damu, presha, kisukari, kitambi, msongo wa mawazo, uhaba wa mboga na matunda, pombe, na kukaa bila kujishughulisha. Hesabu hiyo ni muhtasari wa yale yaliyoonekana kwanza kwa mwanakijiji wa Kisii, mchungaji wa Kisamburu na mhamiaji wa Kiluo. Kinga yao haikuwa ya rangi wala kabila, na ndiyo maana waliipoteza mara tu maisha yao yalipobadilika. Kwa sababu hiyo hiyo inaweza kurudishwa: kwa dona badala ya sembe, kwa mboga za majani kila mlo, kwa chumvi ya kuonja tu, kwa kutembea kila siku, na kwa kutoigusa sigara. Presha haina maumivu ya kumshtua mtu mapema, kwa hiyo kila aliyevuka miaka 40, awe na afya au asiwe nayo, apime angalau mara moja kwa mwaka katika zahanati iliyo karibu naye.